Plastiki Zinazong'aa Ndani ya Gari: Nini Tufunike na Nini Tuache Wazi



Ndugu wasomaji, safari hii tumeona tuzungumze jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Nalo ni zile plastiki zinazong'aa ndani ya gari: mbao ya bandia iliyopakwa vanishi, ule weusi unaometa kama kioo kuzunguka redio na gia, na vile vipande vya rangi ya fedha kwenye usukani na matundu ya hewa. Hapa kwetu Rubondo magari ya binafsi si mengi, lakini machache yaliyopo yanatumikia nyumba nyingi. Gari la jirani ndilo linalokimbiza mgonjwa hospitali ya rufaa ya Mbarara usiku. Ndilo linalobeba maharusi, na ndilo linalowafuata watoto wanaporudi kutoka shule za bweni. Kwa hiyo habari ya gari moja ni habari ya mtaa mzima.

Sisi katika familia yetu tuna Toyota Premio iliyoundwa mwaka 2004. Mwaka 2024 tulizifunika plastiki zake za ndani, na tangu hapo majirani wamekuwa wakituuliza tulitumia nini, na je, kazi hiyo mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Jibu ni kwamba anaweza. Ila kuna sehemu za kufunika na kuna sehemu ambazo haifai kuzigusa kabisa, na hapo ndipo penye uzito wa maneno yetu.

Kwa nini kufunika?

Wengi hudhani ni urembo tu. Kwetu sisi sababu ya kwanza ilikuwa macho ya dereva.

Nakivale iko kusini mashariki ya Mbarara. Anayetoka Rubondo asubuhi kwenda mjini anaelekea magharibi, kwa hiyo jua linalochomoza linabaki mgongoni. Jioni akirudi anaelekea mashariki, na jua linalozama liko mgongoni tena. Mtu atasema basi hana taabu ya jua. Lakini jua la chini namna hiyo huingia kwa kioo cha nyuma, linapita katikati ya viti, linapiga ile plastiki ya kung'aa iliyo mbele ya dereva, na kumrudia machoni. Kunakuwa na cheche moja nyeupe karibu na redio ambayo jicho haliwezi kuikwepa. Na njia yenyewe mnaijua: vumbi, mashimo, boda boda zenye abiria watatu, ng'ombe wenye pembe ndefu wanaovuka bila kuuliza, na watoto wa shule pembeni.

Saa sita mchana ni taabu nyingine. Huku kwetu tuko karibu na ikweta, jua linasimama juu ya vichwa. Linaingia kwa kioo cha mbele, linapiga sehemu ya juu ya dashibodi, na sura ya dashibodi inaonekana kwenye kioo kama pazia jembamba kati ya dereva na barabara. Kioo cha kawaida hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wake pale mwanga unapokipiga moja kwa moja, na huzidi kurudisha kadiri mwanga unavyokipiga kwa kulala. Kioo cha mbele cha gari kimelazwa. Kwa hiyo kila kinachong'aa chini yake kinajitokeza juu yake.

Wanafunzi wetu wa fizikia mnaweza kulithibitisha hili jikoni kwa mama. Chukueni kijiko kipya cha chuma na mwiko wa mbao, muviweke juani. Vyote viwili vinapata mwanga uleule. Kijiko kinaurudisha upande mmoja, na ukisimama upande huo unaumia macho. Mwiko una uso wenye vinyweleo na mikwaruzo midogo, nao unautawanya mwanga pande zote, hivyo hakuna jicho moja linaloupata wote. Kufunika plastiki ya kung'aa kwa kitu kisichong'aa ni kazi hiyohiyo: kugeuza kijiko kuwa mwiko.

Sababu ya pili ni umri wa magari yetu. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2018, na tangu hapo ni marufuku kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu kuundwa. Gari kama letu haliingii tena. Lililopo ndilo lililopo, na anayetaka la miaka ya karibuni alipie zaidi. Hivyo tunayatunza tuliyonayo. Na kitu cha mwanzo kuchakaa ndani ni hizi plastiki za kung'aa, kwa sababu kila pete ya kidole, kila funguo na kila chembe ya vumbi ikifutwa kwa kitambaa kikavu huacha mkwaruzo unaoonekana.

Njia mbili

Njia ya kwanza ni stika ya vinili, ileile jamii ya plastiki yenye gundi ambayo mafundi wa Mbarara hubandika kwenye mabango ya maduka na ubavuni mwa magari ya abiria. Huja katika rola, mara nyingi lenye upana wa mita 1.52, nawe unakatiwa urefu unaotaka. Kwa ndani ya Premio mita moja inatosha na kubaki. Omba isiyong'aa. Ipo nyeusi tupu, ipo ya kijivu, ipo yenye alama za msuko.

Katika stika hizi kuna daraja mbili, na tofauti yake ni muhimu. Moja hutengenezwa kwa kukandamizwa kati ya mitambo ya kuviringisha mpaka iwe nyembamba. Hiyo ni rahisi, lakini ina tabia ya kutaka kurudi ilikotoka: ukiivuta kwenye kona, siku ya jua kali inajikunja na kuachia pembeni. Nyingine humiminwa ikiwa majimaji kisha ikaushwa. Hiyo ni nyembamba zaidi, inalala vizuri kwenye mapindo na haijikunji upesi. Kwenye kipande bapa kama cha kuzunguka gia, ya kwanza inatosha. Kwenye kipande chenye mapindo mengi, tafuteni ya pili.

Njia ya pili ni rangi ya mpira inayobanduka. Asili ya aina yake inayojulikana sana, Plasti Dip, ni dawa ya kuchovyea mipini ya koleo na bisibisi ili isiteleze mkononi. Ikipulizwa kwenye plastiki na kukauka, inakuwa ngozi laini isiyong'aa, na siku ukiichoka unaibandua kwa vidole. Inafaa kwa vitu ambavyo stika haiwezi kuvifuata, kama vile matundu ya hewa yenye vipande vingi vyembamba. Lakini haivumilii kucha, haivumilii mafuta ya kujipaka, na petroli huiyeyusha. Aliyetoka kujaza petroli kwa chupa asiiguse kabla ya kunawa.

Kwa kifupi: panapoguswa kila siku, wekeni stika, panapotazamwa tu, rangi inatosha.

Namna tulivyofanya

Kwanza, tulichagua asubuhi iliyofuata mvua. Vumbi la Nakivale ndilo adui mkubwa wa gundi, na chembe moja chini ya stika huonekana kama chunusi. Tukamwagia maji sakafu ya chumba, tukafunga madirisha, na watoto wakaombwa wacheze nje.

Pili, tulivitoa vipande kwenye gari. Vingi vimeshikwa kwa vibanio tu, na huachia ukitumia kipande cha plastiki kigumu au bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Kabla ya hapo tulizima gari na kuondoa waya wa betri upande hasi, tukasubiri dakika kadhaa. Nyuma ya plastiki hizo kuna nyaya, na si busara kuzishika zikiwa na umeme. Penye kipande kilichoshikwa na skrubu za ndani zaidi, au kilicho karibu na usukani, tulimwita fundi.

Tatu, tulisafisha. Maji na sabuni, kisha spiriti ya kusafishia vidonda. Hapa kuna siri moja. Gereji na vituo vingi vya kuosha magari hupuliza dawa ya kung'arisha dashibodi, na dawa hizo mara nyingi zina silikoni. Gundi haishiki juu ya silikoni, na rangi vilevile. Tulifuta mara tatu kwa vitambaa tofauti mpaka kidole kikawa hakitelezi tena.

Nne, tulikata stika ikazidi kipande kwa vidole viwili kila upande. Tukabandika kuanzia katikati, tukisugua kuelekea pembeni kwa kadi ya zamani ya plastiki iliyofungwa kitambaa laini. Kwenye kona stika inahitaji joto ili ilainike. Mafundi hutumia draya. Lakini draya ya nywele hula wati 1,000 na zaidi, na sola ya nyumbani ya kuwashia taa na kuchajia simu haiwezi kuibeba. Sisi tulimwomba jirani mwenye saluni, akaturuhusu nusu saa ya umeme wake, Allah amlipe kheri. Asiye na saluni jirani anaweza kukilaza kipande juani dakika chache kwenye kitambaa cheusi kisafi. Stika inalainika, naye akamalizia kona moja moja.

Tano, tulipindisha kingo kwenda nyuma ya kipande na kukata ziada huko huko nyuma kwa wembe mpya. Kamwe tusikate kwa kuegemeza wembe kwenye uso wa mbele wa plastiki. Tukiibandua stika kesho, alama itabaki.

Kwa wanaochagua rangi: pulizeni nje, penye hewa, mbali na sigiri na mtu anayevuta sigara, kwani moshi wake unashika moto na unaumiza kichwa. Mama mjamzito na watoto wakae mbali. Pulizeni tabaka nyembamba nne au tano, kila moja ikauke kama nusu saa kabla ya nyingine. Wengine hufanya tabaka moja ili kuokoa rangi. Tabaka jembamba halibanduki kama ngozi, linatoka vipande vipande, na hapo maana yote ya rangi ya kubanduka inapotea. Na msikirudishe kipande ndani ya gari siku hiyohiyo. Kiacheni mpaka harufu iishe.

Pasipoguswa

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Tazameni juu ya usukani, katikati. Tazameni dashibodi mbele ya abiria. Katika baadhi ya magari tazameni pia nguzo za pembeni na ubavu wa viti. Mkiona maandishi SRS AIRBAG, mjue nyuma yake kuna mfuko wa hewa uliokunjwa, unaosubiri ajali. Ajali ikitokea mfuko huo hupasua kifuniko chake na kujaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kifuniko kimetengenezwa kipasuke mahali maalumu. Ukikibandika stika, ukakipaka rangi nzito au ukakishonea reksini, umeziba mlango huo. Mfuko unaweza kuchelewa au kutokea upande usiotakiwa, na kile ulichobandika kinaweza kurushwa usoni mwa aliyekaa. Kwa hiyo sehemu hizo hazifunikwi, hata zikiwa zimechakaa, hata zikiwa hazifanani na nyingine. Zifuteni kwa kitambaa chenye maji basi.

Vilevile tusifunike kitufe cha taa za dharura, tusizibe matundu ya hewa ya moto inayoelekea kioo cha mbele, na tusifunike taa yoyote ya tahadhari iliyo mbele ya dereva.

Hili la taa lina kisa. Mwaka 2025 familia moja ya jirani zetu ilitaka kununua gari, wakatuomba twende nao Mbarara kutazama. Gari lilikuwa zuri machoni. Dashibodi yote, kutoka mlango hadi mlango, ilikuwa imefungwa reksini nyeusi mpya iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Muuzaji, ambaye hatutamtaja, aliisifu sana. Mwenzetu mmoja akaingia, akageuza funguo bila kuwasha injini, akatazama taa. Ilikuja ya mafuta, ikaja ya betri, ikaja ya injini. Ya mfuko wa hewa haikuja.

"Kaka, mbona taa ya SRS haiwaki?"

"Ah mzee, ile huwaka ikiwa kuna ubovu. Isipowaka ndiyo gari zima."

Ndugu wasomaji, sivyo. Ukigeuza funguo, taa ile inatakiwa iwake kwa sekunde chache, gari lijikague, kisha izimike. Ikiwaka isizimike kuna ubovu. Isipowaka kabisa kuna mtu ameizima, au kuna stika nyeusi juu yake, au balbu imekufa, na kwa vyovyote hujui lililo ndani. Mwenzetu akapapasa reksini mbele ya kiti cha abiria, akakuta chini yake pana mfereji na kisha pamelegea, kama kifuniko kilichowahi kupasuka. Tukaomba ifunuliwe kidogo tutazame. Muuzaji akakataa. Tukashukuru, tukaondoka, na jirani zetu wakanunua lingine wiki tatu baadaye, lenye dashibodi kuukuu iliyopauka na taa inayowaka na kuzimika kama inavyotakiwa.

Hatusemi kwamba kila reksini inaficha jambo. Tunasema mnunuzi ana haki ya kujua kilicho chini yake. Sote tumesoma kisa kilichopokewa na Muslim, cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba mvua ndiyo iliyolinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi asiuweke ule uliolowa juu watu wauone. Dashibodi iliyofungwa ili mnunuzi asione ufa ni rundo lilelile. Tena hapa kinachofichwa si hasara ya fedha peke yake. Ni uhai wa mama atakayekaa kiti cha mbele, akiamini mfuko upo.

Kwetu Nakivale jambo hili lina uzito wa pekee. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 yakiwapokea ndugu kutoka Rwanda, na leo yana watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Watu huja na watu huondoka. Familia ikipata safari ya kwenda ng'ambo, huuza kila kitu kwa siku chache, gari likiwemo, na mnunuzi ni jirani au mtu waliyekuwa wakiketi naye kila siku. Hakuna muda wa kukagua, na muuzaji akishapanda ndege hakuna wa kumrudia. Amana pekee iliyobaki ni ulimi wake.

Ndiyo maana sisi tulichagua kifuniko kinachobanduka. Ile mbao ya bandia iko chini yake kama ilivyokuwa, na mkwaruzo wake mmoja mrefu karibu na gia. Siku tukiuza tutasema: hapa tumefunika, hapa pana mkwaruzo, ukitaka tutabandua uone. Kubandua nako kuna adabu yake. Pasheni stika joto, vuteni taratibu kwa kuilaza, msiinyanyue wima. Gundi ikibaki, mafuta kidogo ya kupikia na kitambaa huilainisha, kisha sabuni. Na msiiache miaka mingi. Gari lililoegeshwa juani hufikisha joto la dashibodi zaidi ya sentigredi 70, na stika ya bei nafuu ikipikwa namna hiyo kwa miaka hukauka na kukatikakatika. Mkiona inaanza kuwa ngumu pembeni, ni wakati wa kuibadilisha.

Nanyi vijana mliomaliza shule na mnaotafuta kazi ya mikono, hii ni kazi. Haihitaji karakana kubwa. Wembe, spiriti, kadi ya plastiki, draya na subira vinatosha kuanzia. Jifunzeni kwa mafundi wa stika wa Mbarara, mkirudi mtapata wateja hapahapa. Ila mteja akikwambia, "Fundi, nifungie hii dashibodi nzima, nina mtu anakuja kulitazama gari kesho," mwulize kwanza chini yake kuna nini. Na akikwambia umbandikie taa ya SRS kipande cheusi, mrudishie pesa yake.

Tunamwomba Allah atulinde safarini sisi na wanaotubeba, na atupe macho ya kuona njia na ulimi wa kusema ukweli wa tunachokiuza. Amin.